Unapenda Dizaini na Luku? Saka Hivi Vitabu na Majarida Kabla Hayajaisha

Kama simu yako imejaa picha za viti vya Copenhagen, mabango ya Tokyo na keja za Lisbon, hakuna noma. Macho hujifunza popote. Lakini muulize msee yeyote anayesomea dizaini hapa Nairobi akutajie jarida moja la hapa Afrika lililompagawisha kwa kava yake. Wengi watanyamaza. Na majarida yenyewe yapo. Tatizo ni kwamba mengi yalichapishwa nakala chache, zikaisha, na mwenye kubaki na yake haiachilii hata umpigie magoti. Kwa hivyo chukua hii kama rada: nini cha kusaka, kwa nini, na utakipata wapi bila kuuza simu.

Anza na Kwani?. Hiyo alama ya kuuliza ni sehemu ya jina, usiiondoe. Binyavanga Wainaina alishinda tuzo ya Caine 2002, na 2003 toleo la kwanza likatoka. Ndani yake kulikuwa na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor, Weight of Whispers, ambayo ilibeba Caine ya mwaka huohuo. Yaani jarida changa, toleo moja, tuzo tayari. Lakini kwa mtu wa macho kama wewe, raha ni vile lilivyochanganya vitu: hadithi, picha, katuni, mashairi, Kiingereza, Kiswahili na Sheng ya mtaa, zote zikikaa pamoja bila kuombana ruhusa. Kabla ya hapo, fasihi ya Kenya wengi tuliijua kama kitabu cha shule chenye maswali nyuma.

Ukipata moja tu, tafuta Kwani? 05. Ilitoka mara mbili, juzuu mbili, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007. Kama wakati huo ulikuwa unatambaa, unajua vile wazazi hubadilisha stori ukiwauliza. Hapa watu walisema vidonda vikiwa bado vibichi. Si kitabu cha kupiga picha na kahawa pembeni, lakini kiko kwenye hii orodha kwa sababu kinaonyesha jarida linaweza kubeba mzigo gani likiamua.

Sasa panda ndege kidogo hadi Cape Town. Chimurenga ilianzishwa na Ntone Edjabe, msee wa Cameroon, mwaka wa 2002. Jina ni la Kishona, la mapambano ya ukombozi. Hawa ndio wakali wangu wa wakati wote, na nitakuambia sababu moja tu. Mei 2008, watu waliotoka nchi nyingine za Afrika walishambuliwa na kuuawa mitaani Afrika Kusini. Miaka mitatu baadaye, 2011, Chimurenga wakatoa gazeti. Gazeti kabisa, karatasi ile ya kufungia samaki, lakini tarehe yake ilikuwa ya wiki ile ya 18 hadi 24 Mei 2008. Walirudi nyuma wakaandika gazeti ambalo lingefaa kuwepo wiki hiyo na halikuwepo. Kwani? ya hapa kwetu ilikuwa ndani ya hiyo kolabo, pamoja na Cassava Republic ya Nigeria. Fikiria hilo kama dizaina: hakuna rangi za ajabu, hakuna karatasi ya bei. Tarehe juu ya ukurasa ndiyo dizaini yenyewe.

Walikuja pia kutoa kitabu kinene kuhusu FESTAC '77, lile tamasha la Lagos la 1977 lililokusanya wasanii weusi kutoka kila kona ya dunia. Kilitoka 2019. Ni picha, makala za zamani, barua na mabango yaliyopangwa kama mtu amekufungulia sanduku la mjomba. Ukikipata mahali, keti chini kabisa.

Kwa wapenda vitu vya kitambo kuna mawili. Transition ilizaliwa Kampala 1961, mikononi mwa Rajat Neogy, na ikawa mahali ambapo Afrika Mashariki ilibishana na dunia nzima. Serikali ya Obote ilimtia ndani Neogy 1968. Baadaye jarida likahamia Ghana, Wole Soyinka akalihariri, na leo makao yake ni Harvard. Lingine ni Joe, la hapahapa Nairobi, lililoanza 1973 chini ya Terry Hirst na Hilary Ng'weno. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa jijini anayecheka shida zake ili asilie. Ukiona michoro ya Hirst ya mabaa, mabasi na mabosi wenye vitambi, utajua hizi meme zetu zina babu.

Na mjukuu ni Shujaaz. Najua ulikuwa unaisoma bure ukiwa shule, labda ukafungia kitabu cha hesabu na kurasa zake. Ilianza 2010, kwa Sheng, ikiwa ndani ya gazeti la Jumamosi na kwa vibanda vya M-Pesa, na ikaenda kushinda International Emmy. Nakala za mwanzo sasa ni za kusaka. Kama mama yako bado anazo chini ya kitanda, usiruhusu ziende na msee wa chuma kuukuu.

Tuje kwa vitabu. Wa kwanza kwenye shelfu yoyote ya fasheni ya Kenya unafaa kuwa Not African Enough, kilichotolewa na The Nest Collective 2017. Jina ni lile tusi wanalopigwa madizaina wetu: ukishona koti safi la kijivu bila kitenge wala shanga, mtu wa nje anakuambia halitoshi kuwa la Kiafrika. Kitabu kinaweka kazi za madizaina wa Kenya mezani na kuuliza nani alimpa huyo mtu rula. Hao hao The Nest walikuwa kwenye mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho za ng'ambo, na walihesabu zaidi ya 32,000. Viti, ngao, mapambo, vibuyu. Ukitaka kuelewa kwa nini rejea zako zote za dizaini ni za Ulaya, anzia hapo.

Thandiwe Muriu naye ana Camo, ya 2024. Umeona hizo picha hata kama hujui jina: mwanamke amevaa kitambaa kilekile cha ukuta nyuma yake hadi anapotea, na miwani imetengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Kwenye simu inakaa kama ujanja wa rangi. Kwenye karatasi kubwa unaanza kuona mishono, na unashtuka ni kazi ya mikono mingapi.

Priya Ramrakha: The Recovered Archive, 2018, ni ya wapenda picha nyeusi na nyeupe. Ramrakha alikuwa kijana wa Nairobi aliyepiga picha za harakati za uhuru, akafika hadi majarida makubwa ya Marekani, na akauawa kwa risasi akiwa kazini Biafra 1968. Picha zake zilikaa miaka na miaka kwenye gereji moja hapa Nairobi kabla ya jamaa wa familia kuzifukua. Gereji! Hebu fikiria ziko gereji ngapi.

Wa majengo watafute African Modernism cha Manuel Herz, 2015. Ni kizito kama tofali, lakini Kenya ni moja ya nchi tano ndani yake, na utaacha kupita KICC kama unapita stima. Wa matatu wasome Matatu ya Kenda Mutongi, 2017. Hicho ni cha historia, maneno ni mengi kuliko picha, lakini baada ya kukisoma hutaangalia grafiti ya nganya vilevile.

Halafu kuna kadogo, ka bei nafuu ukibahatika: Kangas: 101 Uses, cha 1984, cha Jeannette Hanby na David Bygott. Michoro tu ya namna za kufunga leso. Ukishakisoma, chukua leso ya mama uiangalie kama dizaina. Kuna pindo, kuna mji, kuna jina. Saizi ni ileile, masharti ni yaleyale, na bado kina Kaderdina wa Mombasa, wenye ile chapa ya Mali ya Abdulla, wamekuwa wakibuni tangu 1887. Hakuna kozi ya dizaini itakupa zoezi bora.

Sasa doh. Tusidanganyane, vingi vya hivi ni ghali. Vitabu vilibandikwa VAT ya 16% tangu sheria ya 2013, na ukiagiza nje, usafiri unaweza kushinda kitabu. Njia ya kwanza ni chama: mbogi ya watu watano, kila mwezi kitabu kimoja, kinazunguka keja hadi keja. Ya pili ni kuingia Prestige pale Mama Ngina, Soma Nami au Nuria na kuuliza kwa jina, kwa sababu vingine havikai kwenye dirisha. Ya tatu ni vitabu vya mtumba vilivyopangwa chini mitaa ya katikati ya jiji. Muuzaji wa hapo huwa hajui Kwani? ni dhahabu, kwa hivyo tulia uso.

Na bila doh kabisa? Maktaba ya Goethe-Institut iko Maendeleo House. McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa wazungu peke yao, sasa ni ya kila mtu, na Book Bunk wamekuwa wakiirudishia hadhi pamoja na zile za Kaloleni na Makadara. Hata Archives, pale unapongojea watu wakichelewa, ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi: sanaa chini, maelfu ya vitabu vyake jengoni.  Jalada nao wako mtandaoni bure, pamoja na ile hadithi ya Ngũgĩ ya 2016 iliyotafsiriwa kwa lugha chungu nzima.

Ukishika chochote kati ya hivi, fungua kwanza ule ukurasa wa majina madogo. Angalia nani alidizaini, nani alipiga picha, kilichapishwa wapi. Mfuate huyo mtu. Hivyo ndivyo orodha yako itakua bila kungoja yangu.

Na kama mkono unawasha, karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mara moja katikati inatoa kijarida cha kurasa nane. Toa kopi 20 River Road, andika tarehe na majina ya waliofanya kazi, uza 18. Mbili weka mahali pakavu.