Mahali Pasipo Jengo: Historia ya Ziara za Mahali Patakatifu katika Uwanda wa Makonde, 1876–1976

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayefika Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, hukuta historia ya mahali patakatifu imeandikwa ukutani. Hekalu la Brihadisvara, lililokamilika mwaka 1010 katika enzi ya mfalme Rajaraja wa Kwanza, limechongwa maandishi yanayotaja vijiji vilivyolipa mapato, vyombo vya thamani vilivyotolewa na watumishi waliopewa makazi karibu na hekalu. Mwenye kuzuru husali, na mwanahistoria husoma. Mtafiti huyohuyo akifika Mahuta, wilayani Tandahimba, hakuti ukuta wa namna hiyo. Hakuna mnara wala jiwe lenye orodha ya wafadhili. Hata hivyo, Mahuta ndipo masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanapoweka chimbuko la Wamakonde.

Tofauti hiyo imekuwa na athari katika uandishi wa historia. Wageni wengi wa karne ya 19 walioitafuta dini ya Waafrika kwa kutafuta majengo, sanamu na makuhani walihitimisha kwamba hapakuwa na dini, au kwamba palikuwa na hofu ya mizimu tu. Makala haya yanachukua njia nyingine. Hoja yake kuu ni kwamba katika uwanda wa Makonde na maeneo jirani ya Masasi na Newala, mahali patakatifu palihifadhiwa na ziara yenyewe: njia iliyopitwa, tendo lililofanywa, na mtu aliyekuwa na haki ya kuliongoza. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi kuchomwa kwa jengo hakukuwa lazima mwisho wa mahali patakatifu, bali kuhamishwa kwa wazuru ndiko kulikopahatarisha zaidi. Sehemu zinazofuata zinaipima hoja hiyo kwa mifano ya simulizi ya Mahuta, matambiko ya mababu, misheni ya Masasi, ziara za Waislamu, na uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970.

2.0 Mahuta: safari iliyotangulia makazi

Mwaka 1906 Karl Weule, mwanaethnografia kutoka Leipzig, alisafiri Masasi, Newala na Mahuta, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1908. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni simulizi ya asili ya Wamakonde. Kwa muhtasari, mtu asiyeoga wala kunyoa alitoka katika kichaka cha Mahuta, akachonga umbo la binadamu kwa mti, akalisimamisha nyumbani kwake. Usiku umbo hilo likapata uhai, likawa mwanamke. Wawili hao waliteremka hadi mto Ruvuma, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakavuka uwanda hadi bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporejea Mahuta, mtoto wa tatu alizaliwa akaishi. Baba huyo aliwaachia wanawe maagizo: wazike wafu wao wakiwa wima, kwa kumkumbuka mama aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwani huko kuna maradhi na mauti.

Simulizi hii ina mpangilio wa safari. Mahuta hapawi patakatifu kwa sababu mwanzo ulitokea hapo peke yake. Panathibitika kwa kurudiwa, baada ya mabonde mawili kujaribiwa na kushindwa. Anayeisimulia anachora ramani: Ruvuma kusini, Mbwemkuru kaskazini, na uwanda katikati kama mahali pa uhai. Kila kaburi lililochimbwa kwa kufuata agizo lile liliunganisha ukoo mmoja na safari ya wazazi wa kwanza.

Ramani hiyo inaafikiana na mazingira. Udongo wa uwanda hunyonya maji ya mvua, na maji hayo hutokea tena kwenye chemchemi za miteremko. Kwa muda mrefu wakazi walilazimika kuteremka mbali kuteka maji na kupanda nayo, hali iliyopungua ukali baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950. Mtu wa nje angeweza kuona upumbavu katika kuishi mbali na maji. Lakini vichaka vizito vya uwanda vilikuwa ngome dhidi ya wateka watumwa na wavamizi wa karne ya 19. Agizo la babu, kwa hiyo, lilibeba pia maarifa ya usalama.

Ni kweli kwamba Weule alikaa kwa miezi michache tu, alitegemea wakalimani, na alifika mara baada ya vita vya Maji Maji, wakati ambapo wenyeji walikuwa na sababu za kupima maneno yao mbele ya Mjerumani. Kwa hiyo, haifai kuichukua simulizi hiyo kuwa kauli ya Wamakonde wote wa nyakati zote. Inachoweza kuthibitisha ni jambo dogo lakini la msingi: mwaka 1906 palikuwa na watu walioweza kutaja mahali mahsusi pa asili yao, ingawa palikuwa kichaka kitupu.

3.0 Mti, kaburi na mwenye haki ya kuongoza

Simulizi ya asili ilikuwa ya wote, lakini ziara za kawaida zilikuwa za ukoo. J. Gus Liebenow, katika utafiti wake wa siasa za Wamakonde uliochapishwa mwaka 1971, anaeleza kwamba jamii iligawanyika katika maeneo madogo yaliyojitegemea, kila moja likiongozwa na mkulungwa. Cheo hicho kilihusiana na ufunguzi wa ardhi na kilirithiwa kwa upande wa mama, hivyo kwamba mpwa alimfuata mjomba wake. Mkulungwa aligawa ardhi, alisuluhisha magomvi, na alikuwa na wajibu wa kuwakumbuka waliotangulia, ambao roho zao huitwa mahoka.

Miongoni mwa majirani Wayao na Wamakua, tambiko lilifanyika mara nyingi chini ya mti wa msolo, ambapo unga ulimwagwa taratibu shinani huku majina ya wafu yakitajwa. Jambo la kuzingatia ni uchache wa vifaa. Unga huliwa na wadudu au huchukuliwa na mvua, na baada ya siku chache hapabaki alama yoyote. Kinachobaki ni mtu anayejua mti upi, majina yapi na kwa mpangilio gani. Kwa lugha ya wahifadhi nyaraka, kumbukumbu ilikuwa katika mfululizo wa wazuru.

Hapa ndipo siasa ilipoingia. Aliyeongoza tambiko la ukoo alikuwa anathibitisha pia nani aliyetangulia katika ardhi hiyo. Serikali ya Wajerumani iliweka maakida, na Waingereza baadaye wakaweka maliwali juu ya Wamakonde. Ngazi hizo mpya zilikusanya kodi na kuamua mashauri bila kuhitaji makaburi. Mkulungwa alipoteza sehemu kubwa ya mamlaka yake ya kiserikali, lakini hakupoteza mara moja ziara. Ziara ikawa mahali ambapo haki ya zamani iliendelea kutamkwa hata baada ya kuondolewa barazani.

4.0 Kanisa lililochomwa na ziara iliyorejea

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, akapitia Lindi, akawaweka Masasi. Alikuwa amekusudia kwenda mbali zaidi, hadi nchi ya Wayao kwa Mataka. Ni sehemu ya kundi lenyewe lililopendelea kubakia Masasi, karibu na nchi walizotoka. Hivyo mahali palipokuja kuwa kitovu cha Ukristo wa eneo hili palichaguliwa, kwa kiasi fulani, na watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Ufanano wake na simulizi ya Mahuta unastahili kutajwa: katika habari zote mbili, kurejea ndiko kunakopatia mahali maana.

Jengo halikuwa na usalama. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wamagwangwara, kundi la Wangoni. Baadhi ya wakazi waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Chauncy Maples na wenzake wakahamishia kazi Newala kwa muda. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto, kama zilivyoangamizwa pia misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao. Mara zote mbili waumini waliotawanyika walirejea, na ibada ikaendelea. Mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya dayosisi.

Uendelevu huo hauelezeki kwa juhudi za Wazungu peke yao. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na aliyepewa daraja ya ukasisi Zanzibar mwaka 1890, alifanya kazi Chitangali bila Mzungu kuwa mkaazi pamoja naye. Kanisa la huko lilisimama juu ya watu waliolizuru na mapadri waliozungukia vijiji kwa miguu.

Jaribio lililo wazi zaidi ni jando la Kikristo, lililoanzishwa katika eneo la Masasi kuanzia miaka ya 1910 na kuhusishwa hasa na Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi. Lucas aliona kwamba kukataza jando kungewatenga Wakristo na jamii zao. Kambi ya vijana porini, tohara na mafundisho ya wazee vilibakizwa. Matambiko kwa mababu yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa Misa na sala za Kanisa. Terence Ranger, katika uchambuzi wake wa mwaka 1972, ameonyesha kwamba marekebisho hayo yalitegemea sana ushirikiano wa mapadri na wazee Waafrika, na kwamba upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi. Kwa hoja ya makala haya, jando la Masasi linaonyesha kwamba Kanisa lenyewe lilitambua uzito wa safari ya kwenda na kurudi. Lilibadilisha maneno yaliyosemwa njiani, lakini halikuthubutu kuifuta njia.

5.0 Ziara za Waislamu

Wakazi wengi wa Newala na Tandahimba hawakuufuata mkondo wa Masasi. Uislamu ulienea kwa kasi vijijini katika miongo iliyofuata Maji Maji, kama alivyoonyesha Felicitas Becker katika kitabu chake cha mwaka 2008. Ulienezwa kwa sehemu kubwa na wenyeji waliojifunza pwani na kurudi kufundisha, na tarika za Kadiria na Shadhilia zilichangia. Pamoja na msikiti na chuo cha Kurani, tarika zilileta ziara: kukusanyika katika kaburi la sheikh, kusoma dua na kufanya dhikri, na wageni kulishwa na wenyeji.

Itakuwa kosa kudai kwamba ziara hiyo ni tambiko lililovishwa kanzu. Elimu yake inatoka katika vitabu na silsila za walimu, na dua humwelekea Mungu. Lakini umbo lake lilieleweka kwa urahisi na watu waliokwisha kuzoea kwamba mahali hupata heshima kwa kuzuriwa kila mara na kwamba lazima awepo mwenye haki ya kuongoza. Wakosoaji wa ziara miongoni mwa Waislamu wenyewe wameuona ukaribu huo na kuupinga. Mjadala wao ni ushahidi kwamba swali la nani azuru wapi halikuwahi kuwa jambo dogo.

6.0 Wazuru walipohamishwa

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye vijiji vingi zaidi vya ujamaa nchini. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, viliongeza sababu ya kukusanya watu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilikamilisha kazi hiyo kwa amri. Watafiti wa uchumi wamehusisha kushuka kwa uzalishaji wa korosho baada ya hapo, pamoja na sababu nyingine, na umbali uliowatenga wakulima na mikorosho yao.

Hoja hiyo ya kiuchumi ina upande wa pili ambao haujapewa uzito unaostahili. Aliyehamishwa mbali na mikorosho yake alihamishwa pia mbali na makaburi ya wajomba zake. Mkorosho usiopaliliwa hupunguza mazao, na hasara hiyo huandikwa katika takwimu za ghala. Kaburi lisilo na jengo, likikosa mzuru kwa kizazi kimoja, hurudi kuwa kichaka, wala hakuna daftari linaloonyesha upungufu. Moto wa mwaka 1905 uliteketeza kuta huku ukiwaacha wengi wa wazuru. Uhamishaji wa miaka ya 1970 haukuchoma chochote, lakini uliukata mfululizo ambao ndio uliokuwa jengo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikutosha kuziba pengo hilo. Ufafanuzi wake umejengwa hasa juu ya vitu vilivyofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, ingawa waziri amepewa uwezo wa kutangaza vingine. Mti ulioota wenyewe na kuzuriwa kwa vizazi hauingii kwa urahisi humo. Hata hivyo, njia nyingine ipo. Mwaka 2008 misitu ya makaya ya Wamijikenda, huko pwani ya Kenya, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Misitu hiyo ilitambuliwa pamoja na wazee wanaoitunza na miiko inayoilinda.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kwamba mahali patakatifu katika uwanda wa Makonde palidumu kwa ziara. Simulizi ya Mahuta inaanza kwa safari. Tambiko la ukoo lilitegemea mjuzi wa njia na majina. Kanisa la Masasi lilihimili kuchomwa kwa sababu watu walirejea. Na ziara za tarika zilikita kwa sababu desturi ya kuzuru ilikuwapo. Kinyume chake, uhamishaji wa watu uligusa msingi wenyewe.

Kwa mwanahistoria, matokeo yake ni ya kimbinu. Orodha ya majengo ya ibada ya Tandahimba, hata ikiwa kamili, itatoa picha ya wilaya iliyoanza kuwa na dini mwishoni mwa karne ya 19. Orodha inayohitajika ni ya njia: ukoo gani ulikwenda wapi, nani aliongoza, na ziara ilikoma lini. Maandishi ya Thanjavur yamesubiri wasomaji kwa zaidi ya miaka 1000 na yanaweza kusubiri zaidi. Wazee waliokuwa vijana wakati wa kuhamia vijijini hawana muda wa namna hiyo.