Kiini Kilichojifunza Kuita Msaada

Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza mfumo endeshi aliokuwa akiutengeneza kwa kujifurahisha. Alitahadharisha mapema: pengine usingetumia diski za aina nyingine zaidi ya AT, maana ndizo alizokuwa nazo. Yaani kiini cha Linux kilizaliwa kikiijua kompyuta moja tu, ya mwenye nacho.

Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika Minix, akasema Linux imepitwa na wakati. Kisa? Kila kitu kimeshonwa pamoja ndani ya kiini, draiva zikiwemo. Yeye alitaka kiini kidogo, draiva zikae nje.

Lawama ile ilikuwa na uzito. Ukinunua kadi ya sauti, unaunda kiini upya kisha unazima na kuwasha. Ukiamua kutia draiva zote mapema, memori ya megabaiti chache inajaa vitu usivyomiliki.

Jibu likawa moduli: draiva inakaa kwenye diski kama faili, inaingizwa ikihitajika. Mwanzoni uliiingiza mwenyewe kwa amri. Linux 2.0 ya mwaka 1996 ikaja na kerneld, mtumishi anayesubiri nje ya kiini; kiini kikikwama, kinamwita, naye anatafuta moduli. Mwaka 1999, toleo 2.2 likamstaafisha: kmod, ndani ya kiini chenyewe, ikawa inaiita programu ya modprobe moja kwa moja. Miaka ya 2000 udev ikaingia kazini.

Leo ukichomeka flashi, kiini kinasoma utambulisho wake: namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, na aina ya kifaa. Kinatoa taarifa, udev inaipokea, inapekua orodha, inaleta moduli pamoja na zile inazozitegemea. Wewe unaona mafaili yako tu, basi.

Je, Tanenbaum alishindwa? Si kabisa. Moduli ikishaingia si mgeni tena. Inapata mamlaka yote ya kiini, na ikikosea inaweza kuangusha mashine nzima. Linux ilitatua swali la draiva iingie lini. Swali la iaminiwe kiasi gani bado liko pale pale, na linarudi kila unapochomeka kitu.