Buni, Mbuni na Tunda Lisilo na Jina

Mfasiri atafutaye jina la mti wa kahawa hulikuta kamusini: mbuni, wingi wake mibuni. Kwa kanuni ya majina ya miti, neno hili halina kasoro. Mchungwa huzaa machungwa, mbuni huzaa buni. Hata hivyo mbuni ni ndege pia, na katika biashara ya kahawa nchini Kenya ni matunda yaliyokaushwa pamoja na maganda yake, ambayo Kagera huitwa kahawa ya maganda. Mkahawa nao, ambao ungaliweza kuwa jina la mti, umekwisha kuwa nyumba ya kunywea na kulia.

Asili ya msongamano huu yaeleweka. Waarabu walitofautisha bunn, yaani punje, na qahwa, kinywaji. Pwani ilipokea yote mawili pamoja na birika, wala haikuhitaji neno la tunda bichi.

Bara mambo yalikuwa mengine. Magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa na akamwani, na Waganda emmwanyi. Matunda yalichumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo. Huko Buganda watu wawili waliofanya udugu wa damu walikula mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Ni wazi kwamba watu hao walilijua tunda lenyewe, si kinywaji tu.

Kichaka hicho, ambacho asili yake ni misitu ya mvua tangu Afrika Magharibi hadi Uganda, wataalamu walikiita Coffea canephora mwaka 1897. Miaka michache baadaye kampuni moja ya Brussels iliuza miche yake kutoka Kongo kwa jina la robusta, na jina hilo la dukani ndilo tunalolifundisha shuleni, hata Bukoba!

Twapendekeza mibuni iendelee kutumika kwa miti, na tunda la kahawa kwa tunda bichi. Lile la kutafunwa liitwe akamwani, bila kupunguzwa kitu. Tukiondoa kiambishi chake ili lifanane na Kiswahili tutabakiwa na mwani, na msomaji wa pwani atadhani Wahaya hutafuna majani ya baharini.