Nani Anashika Spana? Historia Fupi ya Nyumba za Magurudumu

Leo naomba tufunge tarakilishi kidogo tuzungumze juu ya magari. Usitoroke! Mwishoni tutarudi kwenye programu, maana siku hizi hata gari limejaa programu.

Nazungumzia nyumba za magurudumu, yaani magari yenye kitanda, jiko, friji na hata choo ndani yake. Kuna aina mbili. Karavani haina injini, inavutwa na gari lingine. Gari-nyumba lina injini yake lenyewe. Huko Marekani ni kitu cha kawaida, na wako wastaafu wanaouza nyumba zao na kuhamia humo moja kwa moja. Hapa Kenya tunaziona chache, na nyingi ni za watalii.

Wengi wanaoandika historia ya magari haya husimulia safari na mandhari. Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nauliza swali lingine: kitu kikiharibika, nani anaweza kukitengeneza? Ukilifuata swali hilo kutoka miaka ya 1930 hadi leo, unapata historia nyingine kabisa, nayo inatuhusu hata sisi tusio na karavani.

Tuanze na Mmarekani aitwaye Wally Byam, aliyezaliwa mwaka 1896 katika jimbo la Oregon. Byam alikuwa mchapishaji wa magazeti mjini Los Angeles. Gazeti lake moja, la watu wanaopenda kujiundia vitu nyumbani, lilichapa maelezo ya kujenga karavani. Wasomaji wakalalamika kwamba maelezo yale hayafai. Byam akaamua kujenga ya kwake, akarekebisha michoro, kisha akaiuza kwa posta kwa dola moja. Kampuni yake, Airstream, ilianza mwaka 1931.

Ona mpangilio huo. Michoro ilitangulia, bidhaa ikafuata. Mtu aliyenunua michoro alijua kila ubao umekaa wapi na kwa nini. Sisi watu wa programu tungesema chanzo kilikuwa wazi, ingawa hakikuwa cha bure.

Tatizo ni kwamba karavani za wakati huo zilijengwa kwa mbao, na mbao na mvua hazipatani. Jibu lilitoka kwa watu wa ndege. Hawley Bowlus alikuwa mtengenezaji wa ndege zisizo na injini, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ile ndege ambayo Charles Lindbergh alivuka nayo Atlantiki mwaka 1927. Mwaka 1934 Bowlus alitoa karavani ya alumini iliyoitwa Road Chief. Kampuni yake haikudumu, lakini mwaka 1936 Byam alitoa Clipper, iliyofuata wazo lile lile: mabati ya alumini yaliyoshikanishwa kwa riveti kama mwili wa ndege.

Watu husifu umbo lake linalong'aa. Mimi nasifu riveti. Bati moja likipasuka, fundi anatoboa riveti za bati hilo tu, analitoa, anakata jingine na kulipiga riveti mahali pake. Hagusi sehemu nyingine. Mwenye kuandika programu ataelewa raha ya kitu kama hicho, kubadilisha kipande kimoja bila kubomoa nyumba nzima.

Isidhaniwe kwamba karavani ya alumini haina magonjwa. Inayo, tena ni yale yale miaka yote. La kwanza ni maji. Yanaingia kwenye viungo vya paa na kando ya madirisha, yanateremka ndani ya ukuta usiyaone, kisha yanaozesha sakafu ya plaiwudi. La pili ni mtikisiko. Kila shimo la barabarani linalegeza skrubu fulani. La tatu, alumini ikigusana na chuma palipo na unyevu, alumini inaanza kuliwa. Ndiyo maana mwenye karavani hukagua viungo vya paa na kuviziba upya, hupaka grisi beringi za magurudumu, na hupima mabomba ya gesi kwa povu la sabuni kuona kama yanavuja. Hakuna kazi hapo inayohitaji shahada.

Hata friji ya karavani ina somo lake. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na pampu wala mota. Mwali mdogo wa gesi unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, amonia inazunguka kwenye mabomba, na baridi inapatikana. Ndiyo iliyofanya watu waweze kuweka nyama porini pasipo na umeme. Ina sharti moja tu kubwa: isimame sawasawa, kwa sababu vimiminika ndani yake huteremka kwa uzito wao wenyewe. Ukiegesha gari kwenye mteremko, haipoi vizuri, na ukiendelea hivyo muda mrefu inaharibika. Chombo cha kuzuia balaa hilo ni pimamaji ya fundi wa kawaida.

Sasa tuje Afrika. Byam alipenda kuongoza misafara ya wateja wake, na misafara hiyo ilikuwa pia maabara yake. Mwaka 1951 aliongoza mmoja kuelekea Mexico na Amerika ya Kati, na wengi walioanza hawakufika mwisho. Kisha mwaka 1959 akaanza safari iliyompa jina zaidi, ya Cape Town hadi Cairo. Zilikuwa karavani 41 na watu 106, na walisafiri zaidi ya kilomita 20,000. Walipita hapa Kenya, ambayo wakati huo bado ilikuwa koloni la Uingereza. Nchini Ethiopia walipokewa na Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1960 wakapiga picha mbele ya piramidi za Giza.

Tuseme ukweli, Mwafrika wa kawaida wa mwaka 1959 asingeruhusiwa wala asingeweza kutembea bara lake namna hiyo. Lakini kwa swali letu safari ile ni ushahidi mkubwa. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami, na karakana ya kampuni ilikuwa ng'ambo ya bahari. Waliofika, walifika kwa sababu walichokuwa nacho kingeweza kufunguliwa, kueleweka na kufungwa tena pale pale kilipoharibikia. Byam alifariki mwaka 1962.

Baada yake biashara ikapanuka. Katika mji mdogo wa Forest City, jimbo la Iowa, John K. Hanson alikuwa ameanzisha mwaka 1958 kiwanda kilichokuja kuitwa Winnebago. Kiwanda hicho kilibuni kuta zilizoitwa Thermo-Panel, zenye sponji katikati na mabamba pande mbili, vyote vikiwa kitu kimoja. Mwaka 1966 kikaanza kuunda magari-nyumba kwa wingi na kwa bei nafuu. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani familia za kawaida zilipata kusafiri. Lakini ukuta wa kugandishwa kwa gundi una bei yake. Maji yakipenya, tabaka zinaachana, ukuta unavimba, na huwezi kubadilisha kipande kama unavyobadilisha bati la riveti. Urahisi wa kiwandani umekuwa ugumu kwa fundi.

Sasa turudi kwenye programu kama nilivyoahidi. Magari-nyumba mengi ya leo yanaendesha taa, pampu ya maji, joto na betri kupitia skrini au simu. Vifaa vinaongea kwa waya wa CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986. Juu yake kuna lugha iitwayo RV-C, iliyotungwa mahsusi kwa magari haya, na kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Kwa hiyo programu yenyewe siyo adui. Shida inaanza mtengenezaji anapoficha kifaa chake nyuma ya nywila na seva yake mwenyewe.

Nina rafiki aliyegeuza gari la abiria 14 kuwa gari la kulala. Kitanda, jiko na kabati vilifanywa na mafundi wa jua kali, kazi safi kabisa. Alipotoa betri za asidi na kuweka za lithiamu, alihitaji kubadilisha volti za kuchajia kwenye kifaa cha sola, kwa maana betri za asidi hupewa mara kwa mara chaji ya juu ambayo lithiamu haiitaki. Kifaa hakina kitufe hata kimoja. Mipangilio yote iko kwenye programu ya simu, na kampuni ilikuwa imezima seva. Kifaa ni kizima, jua lipo, betri ni mpya, lakini namba tatu haziwezi kubadilishwa. Akanunua kingine. Mimi ninayelipwa kuandika programu nilikaa pale nikiona aibu kwa niaba ya kazi yangu.

Katika jimbo la Massachusetts wananchi walipiga kura mwaka 2012, na sheria ikawalazimu watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na gereji za nje taarifa za ukarabati wanazowapa mawakala wao. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri zaidi ya miaka 8, kwa hiyo karavani za riveti za zamani hazitatujia kwa njia hiyo. Tutapokea yale ya skrini. Mafundi tunao. Wanaounda miili ya matatu juu ya chesisi za lori wanajua riveti na kuchomelea kuliko watu wengi. Mahali wanapokwama ni kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa kwa nywila.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chenye magurudumu au waya, uliza mambo matatu. Je, michoro na kitabu cha ukarabati vinapatikana? Je, kitafanya kazi bila intaneti? Je, fundi wa mtaani kwako anaweza kukifungua? Na ninyi wenzangu mnaoandika programu za vifaa, wekeni njia ya kubadilisha mipangilio bila seva yenu, hata kama ni vitufe viwili tu. Kampuni itafungwa siku moja, na mwenye gari atakuwa bado yuko barabarani.