Nani Alindaye Mimba ya Farasi?

Farasi jike hubeba mimba muda wa miezi kumi na mmoja hivi. Mtoto akifika siku yake, huzaliwa na miguu mirefu, na baada ya saa chache aweza kukimbia nyuma ya mama yake. Lakini si mimba zote zifikazo huko. Nyingine hupotea katika miezi ya kwanza, wala mwenye farasi hana habari, maana kwa nje haoni kitu. Ndiyo sababu wataalamu walitaka kujua: ni nini kinachoishika mimba isitoke? Jibu walilitafuta muda mrefu, na kwa miaka mingi walilitafuta upande usio wake.

Jambo la kwanza twalijua vizuri. Yai linapotoka katika ovari ya mama, mahali pale hubaki donge dogo la manjano. Donge hilo hutoa homoni iitwayo projesteroni, na homoni hii hulituliza tumbo la uzazi lisimsukume mtoto nje. Donge likifa mapema, mimba yatoka. Basi, nani analiambia donge lisife?

Mwaka 1930, huko California, Marekani, wataalamu wawili, Cole na Hart, walitoa damu ya farasi wenye mimba. Wakayatenga maji ya damu, yaani yale yanayobaki juu damu ikiganda, wakayatia kwa sindano katika panya majike wadogo, ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Ovari za panya zikavimba, na wale watoto wakawa kama majike wakubwa. Lakini damu haikuwa na nguvu hiyo siku zote. Nguvu ilianza karibu na siku ya 40 ya mimba, ikapanda upesi, kisha ikashuka, hata kufika siku ya 120 hivi ilikuwa karibu kwisha. Kitu hicho ni protini iliyoungwa na sukari nyingi; na kwa ajili ya sukari hiyo hukaa siku nyingi katika damu pasipo kuharibika.

Yatoka wapi? Tangu mwaka 1912 Mjerumani Schauder alikuwa ameandika habari za vidonda vya ajabu ndani ya tumbo la uzazi la farasi. Vimepangwa kama duara, kila kimoja kina shimo katikati kama kikombe, na ndani yake mna ute wenye rangi ya asali. Mwaka 1943 Cole na mwenzake Goss walionyesha kwamba protini ile hutoka katika vikombe hivyo. Wote wakasadiki, na ni nani angewalaumu? Vikombe vimo katika nyama ya mama, basi ni vya mama.

Nyumbu ndiye aliyeanza kuleta mashaka. Kila mtu ajua kwamba nyumbu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Sasa, farasi jike yule yule akipandwa na farasi, protini katika damu yake ni nyingi. Akipandwa na punda, ni kidogo sana. Kinyume chake, punda jike akipandwa na farasi dume, yake yapanda juu kuliko desturi ya punda. Mwaka 1962 Cole na wenzake walieleza kwamba kiasi cha protini chafuata uzao wa mtoto. Kama vikombe vingekuwa vya mama peke yake, baba angewezaje kuvibadili?

Jibu kamili lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1972. Allen na Moor walitazama utando unaomzunguka mtoto. Karibu na siku ya 35 utando huo una mshipi mweupe, mwembamba. Waliubandua kabla haujagusana na mama, wakazikuza chembe zake ndani ya chupa, mbali na mnyama yeyote. Zikatoa protini ile ile! Basi ni za mtoto. Katika siku ya 36 hadi 38 chembe hizo huacha utando, hupenya katika nyama ya mama na kukaa humo, ndivyo vikombe vinavyotokea. Twaona hili kuwa zuri kupita yote katika habari hii: mtoto asiyezidi urefu wa kidole hutuma watu wake nyumbani kwa mama, nao huziamuru ovari zake zitengeneze madonge mapya ya manjano, kuongeza nguvu ya lile la kwanza.

Mama naye hakai bure. Katika majuma matatu ya kwanza mtoto amefungwa ndani ya ganda laini, wala hajashikamana na mahali popote; hadi siku ya 16 huzunguka huku na huku tumboni. Katika miaka ya 1990 wataalamu walieleza protini nyingine, uterokalini, ambayo tumbo la mama huitoa. Yachukua mafuta na kuyapitisha katika ganda lile, kama mtu apitishaye chakula dirishani.

Lakini damu ya mama huzitambua chembe za vikombe kuwa ngeni. Chembe zake nyeupe huzizingira, na karibu na siku ya 120 vikombe vimekufa. Hapo kondo la nyuma limekwisha kuanza kutengeneza homoni za kuituliza mimba, na vikombe havihitajiwi tena.

Mwenye farasi na aangalie hapa. Mtoto akifa baada ya vikombe kuota, vyenyewe havifi pamoja naye. Protini yabaki katika damu, kipimo chasema mimba ipo, na jike hawezi kushika mimba nyingine kwa majuma mengi. Mwaka wa uzazi wapotea. Kwa hiyo daktari wa mifugo hupenda kumpima jike kwa mashine ya kuona ndani ya tumbo mara mbili kabla ya siku ya 35, wakati bado inawezekana kumrudisha kwa dume.