Mirihi kwa juu, Newala kwa chini

Leo siongelei boom wala foleni ya kafteria, leo tuko Mirihi, ile sayari nyekundu. Kuna picha zake zinazopigwa na vyombo vinavyoizunguka, hasa zile za kamera ya HiRISE iliyofika huko mwaka 2006, ambayo inaona hata jiwe la ukubwa wa meza. Jamani, ni nzuri mpaka basi! Matuta ya mchanga yamejipanga kama magamba ya samaki. Vimbunga vya vumbi vimepita vikaacha michirizi meusi, utadhani mtoto kachezea kalamu ukutani. (Ile bluu mnayoiona siyo maji, rangi zimeongezwa nguvu ili miamba itofautiane.) Halafu kuna vilima vya mwamba vilivyosimama kimoja kimoja kwenye tambarare, havina ndugu wala jirani.

Hivyo vilima ndivyo vimenishikisha kalamu, maana aliyewahi kufika Masasi anavijua. Unatoka Ndanda kwa basi, nchi imelala tu, ghafla jiwe zima limeota kama kichwa cha mtu mwenye upara. Mtandi ni mmojawapo, pale Waanglikana walipoweka misheni yao, baada ya Askofu Steere kuwaleta Masasi watumwa walioachiwa huru Unguja, mwaka 1876. Ni mwamba mgumu uliobaki wakati udongo na mawe laini ya pembeni yakiliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka.

Sasa sikieni hii. Mjerumani mmoja, Wilhelm Bornhardt, mjiolojia, alizunguka koloni lao kati ya 1895 na 1897, na mwaka 1900 akatoa kitabu kikubwa. Milima ya namna hii ya huku kwetu akaiita inselberg, yaani mlima kisiwa. Neno likashika dunia nzima, mpaka leo wapo wanajiolojia wanaolitumia wakieleza picha za Mirihi. Kwa hiyo neno lililozaliwa kwenye vumbi la nchi yetu limefika sayari nyingine, ila limefika likiongea Kijerumani. Waliombebea mizigo mimi nadhani walikuwa na majina yao ya hiyo milima.

Turudi juu. Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha 22, sawa na asilimia moja hivi ya sayari nzima. Zikaonyesha mashimo matupu kama ya mwezini, na wengi wakahukumu palepale kwamba Mirihi imekufa, hakuna kitu. Novemba 1971 ikafika Mariner 9, chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine, ikakuta dhoruba ya vumbi imefunika kila kitu. Wakasubiri. Vumbi lilipotulia ukatokea mlima wa volkano ambao Kilimanjaro tatu ukizipandanisha haziufikii. Likatokea korongo la zaidi ya kilomita 4,000, unaenda Dar hadi Masasi na kurudi mara tatu na bado hujalimaliza. Na yakatokea mabonde yaliyojikunja na kugawanyika kama mito, ila makavu. Asilimia ile moja iliwadanganya.

Nyumbani tunaujua uongo wa kutazama kwa juu. Mwaka 1946 Waingereza walimtuma Wakefield na wenzake kutafuta mashamba ya karanga Tanganyika, wakaikagua nchi kwa wiki chache tu na sehemu kubwa waliitazama kutoka kwenye ndege. Nachingwea, majirani wa Masasi, ikawa moja ya sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Kongwa udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, majembe ya trekta yakaisha. Mwaka 1951 mradi wote ukafutwa.

Lakini kwangu mimi kiboko ni Newala. Ukiitazama kwa setilaiti utaona uwanda wa juu wa kijani, mikorosho kila upande, halafu ukingo unakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Pale ukingoni ndipo Shimo la Mungu, ukisimama unaiona Msumbiji ng'ambo. Mgeni wa kutoka anga za mbali akipewa picha hiyo atasema hapa maji yamejaa. Kumbe juu hapo hakuna mto. Mvua inanyesha vizuri, ila inazama yote kwenye mchanga na kuja kutokea chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa ukingo. Na bado watu waliishi juu! Karne ya 19, walipokuwa wakiwindwa na wafanyabiashara ya watumwa na kuvamiwa na Wangoni, vichaka vizito vya uwanda vilikuwa boma lao. Waliona heri kiu kuliko mnyororo. Hilo hakuna kamera inayolipiga.

Kwa hiyo Mirihi ina mito isiyo na maji, Newala ina kijani kisicho na mto, na zote mbili kwa juu zinapendeza kupita kiasi. Ili kuwa na hakika na ile mito ya Mirihi ilibidi watu wateremshe gari. Curiosity ilitua Agosti 2012, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba imekuta changarawe zilizosagwa zikawa za mviringo, za kitandani mwa kijito cha zamani kabisa. Newala kazi ya kuteremka kuyafuata maji waliifanya akina mama, kabla bomba halijafika. Walishuka ukingo asubuhi na mtungi mtupu, wakapanda nao umejaa kichwani.