Wafiwa Wasioulizwa

Kwetu msiba una wenyewe. Jirani atapika, sheikh au padri ataongoza sala, mjumbe wa mtaa atatoa salamu, lakini hakuna atakayekata shauri la mazishi pasipo kuwauliza wafiwa. Hulikumbuka jambo hilo kila ifikapo Agosti 7, kwa kuwa historia ya ugaidi wa zama zetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya misiba iliyonyakuliwa mikononi mwa wenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa karibu wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12 tu. Jengo la Ufundi, lililopakana na ubalozi na ambamo mlikuwa na chuo cha makatibu muhtasi, liliporomoka lote. Wengi katika majengo ya jirani walipofuka kwa sababu walisogelea madirisha waliposikia kishindo cha kwanza. Bomu lenyewe likawarushia vioo usoni. Dar es Salaam walikufa 11, wala hapakuwa na Mmarekani hata mmoja miongoni mwao. Waliopanga mashambulio walidai kuipiga dola kubwa. Waliozikwa walikuwa walinzi, wapita njia, wanafunzi na abiria wa basi.

Siku 13 baadaye Marekani ilijibu kwa makombora. Mengine yaliangukia kambi nchini Afghanistan, mengine yakakiteketeza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Washington ilisema kiwanda hicho kilihusika na silaha za kemikali, dai ambalo ushahidi wake ulitiliwa shaka mapema. Uamuzi huo ulipitishwa kwa jina la marehemu ambao walio wengi walikuwa Wakenya na Watanzania, ilhali maturubai ya msiba yalikuwa hayajakunjwa.

Septemba 11, 2001 msiba uliwafika Wamarekani kwao, na watu karibu 3,000 wakauawa. Oktoba 7 ndege zao zilianza kuishambulia Afghanistan. Ndipo likatokea jambo ambalo vitabu vya historia hulitaja kwa haraka mno: baadhi ya wafiwa walisema hadharani kwamba hawakutaka raia wengine wauawe kwa ajili ya wapendwa wao. Januari 2002 wachache wao walisafiri hadi Afghanistan, wakaketi na familia zilizopoteza watoto kwa mabomu ya nchi yao. Februari mwaka huo waliunda jumuiya yao, September 11th Families for Peaceful Tomorrows, iliyochukua jina lake katika maneno ya Martin Luther King. Hawakuwatetea magaidi hata kwa neno moja. Waliwataka wahusika wafikishwe mahakamani, na wakaidai serikali yao iwafidie raia wa Afghanistan waliodhurika. Kipimo chao kilikuwa kimoja: aliyekwenda kazini asubuhi akauawa ghorofani, na aliyelala nyumbani kwake akafukiwa na kifusi, wote ni raia.

Msomaji asidhani kwamba wafiwa wote walikuwa na kauli hiyo. Wapo waliounga mkono vita, na hao nao walifiwa kweli. Msiba haumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Lakini waliokataa kisasi walikataa wakiwa na kila sababu ya kukitaka, na ndiyo maana naona uzito wa neno lao unazidi wa wachambuzi kama mimi, tunaolaani mauaji kutoka mezani.

Wala hawakuwa wakidai muujiza. Katika jiji lilelile la New York, Mei 2001, mahakama iliwatia hatiani watu wanne kwa milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam, akiwamo Mtanzania mmoja. Wawili walikabiliwa na adhabu ya kifo. Waathirika kutoka Kenya walipanda kizimbani wakaeleza yaliyowapata. Wazee wa baraza hawakuafikiana juu ya kunyonga, na Oktoba 18, siku 11 tangu mabomu yaanze kuanguka Afghanistan, wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha. Hapo angalau wenye msiba walisikilizwa.

Tulipofika kwenye fidia, hesabu iligeuka tena. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335. Hata hivyo, sheria ya Marekani inayoruhusu kesi za namna hiyo huwatambua raia wake, na watumishi na wakandarasi wa serikali yake pamoja na familia zao. Mkenya aliyekuwa ndani ya basi, au msichana aliyekuwa akijifunza taipu Ufundi, hamo. Ndugu zao bado hukutana kila Agosti 7 kwenye bustani ya kumbukumbu, pale pale ubalozi uliposimama, wakiwakumbuka wafu wao na kudai.